Fundi Aliyegonga Mbao Mara Tatu

Apendeki, binti mwenye kichwa kigumu kuliko changu,

Kabla hujaendelea hata mstari mmoja, usifungue sanduku lako. Najua umeshalifungua. Basi umeona kwamba juu ya vitenge vyako kuna kitu ambacho si chako, kina mifuko miwili na kiraka gotini. Usiulize. Usimwite mama yako. Kiache hapo hapo mpaka ufike mwisho wa barua. Miaka yote nimekuwa nikiwakatia bamama, wale kina mama wa ufukweni, hadithi katikati, nao wananirushia mchanga. Leo ni zamu yako kungoja, na mchanga hauko karibu.

Naandika jua likiwa bado juu, nyumba ni yangu peke yangu. Wewe na mama yako mmepanda Lubondja kumuaga bibi yako, nami nimebaki kwa sababu ya mguu wangu unaouma. Mguu hauumi. Haujauma tangu mwaka juzi, lakini ni mguu unaonisaidia sana, na siku nitakapokufa naomba mumzike baba yenu bila kuusema vibaya.

Kesho unapanda boti kwenda Kazimia, ukangoje siku mbili boti ya Albertville, ukajifunze kuzalisha. Mambo ya kuchemsha maji, ya kusali, ya kutoazima kitana cha mtu, mama yako ameshakwambia yote, mengine mara mbili, mengine akiwa usingizini. Mimi sina la kuongeza. Nilifukuzwa masomoni kwa wamisionari mwaka wa nne, kwa kosa la kumchora mwalimu akiwa na mkia. Kitu kimoja tu nimekisomea mpaka mwisho, nacho ni ujinga wangu mwenyewe. Huo naweza kukufundisha bila kitabu.

Unajua kazi yangu, lakini hukuwahi kuniuliza inafanywaje. Watoto wa mwandishi wa hadithi za wezi wanafikiri hadithi zinaota usiku kama uyoga. Mwanangu, mimi huamka, nachukua ndoo, nakwenda mtoni kuteka maji. Wanaume wenzangu wananicheka, wanasema mke wangu amenioa. Waache. Maji yakinilemea kichwani, ndipo Sajini Kobe anaanza kutembea, yule polisi wangu mnene wa Kazimia asiyekimbilia mwizi yeyote na anayewakamata wote. Sijui kwa nini hapendi kuja nikiwa nimekaa. Nikifika nyumbani namwaga maji kwenye mtungi, nakaa juu ya kasha la samaki, natoa kaye yangu, daftari langu la hadithi, naandika mpaka mkono ufe ganzi. Kisha nawalisha njiwa. Yule mwenye shingo ya kijani anaitwa Mwizi wa Nyavu, yule kilema anaitwa Mlinzi wa Pamba. Wote ni wabaya wa hadithi zangu, nami nawapa mahindi kwa sababu bila wao ningekuwa bado natangaza kilo za mizani kwenye ghala la pamba.

Sura ikiisha, nampa dereva wa lori la pamba aipeleke Bukavu kwa wale wenye gazeti. Wanaichapa baada ya miezi, na mara moja walimwoza Sajini Kobe bila kuniuliza, na mwanamke niliyekuwa nimeshamuua. Lakini kabla ya Bukavu, wasomaji wangu wa kwanza ni wale unaowajua, bamama wa pale ufukweni wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Hawawezi kuondoka, kwa sababu kuku na kunguru wanawangoja waondoke. Mwandishi gani mwingine duniani amewekewa watu wasioweza kukimbia? Mimi nasoma, wao wanafukuza kuku, na mama Sifa, sauti yake kama ngoma ya msiba, anapiga kelele: "We muzee wa uongo, kama unakata pale tena, leo haulambe hata kichwa ya ndagala moja!" Nami nakata pale pale.

Ulikuwa unakaa miguuni pangu, unakumbuka? Ulikuwa wa kwanza kuuliza, kila jioni, hata ukiwa na homa: "Baba, Kobe amefika wapi?" Halafu ukafika miaka kumi na mmoja, ukaacha. Hukuuliza tena. Mimi nikajifanya nafikiri umekua.

Sasa nikupeleke pale ambapo nimekuwa nikipapitia mbali kwa miaka sita.

Nina tabia moja ya kukusanya. Wengine wanakusanya chupa, mimi nakusanya tabia za watu. Nikikaa sokoni Baraka nikicheza kisolo, bao letu la mashimo, macho yangu hayako kwenye ubao. Naangalia nani anafunga kitenge upya akidanganya, nani anapiga chafya mara mbili tu, nani anacheka kabla ya mwenzake kumaliza. Naviandika kwenye kaye ndogo ya mfukoni, kisha vinaingia kwenye hadithi kama chumvi. Alikuja mara moja mfugaji mmoja kutoka Bibokoboko, ameleta siagi, akaniambia majina ya ng'ombe wake wote, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetaja babu zake. Nilimwomba, "Ndugu, naweza kuyaandika?" Akacheka mpaka akakaa chini. Mwaka uliofuata alishuka tena mlimani kwa miguu kuja tu kusikia jina la ng'ombe wake likisomwa. Yule nilimwomba. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Alimasi sikumwomba.

Wewe Alimasi unamjua kuliko mimi. Mama yako alipougua baada ya kukuzaa, ni Mwasiti, mke wa Alimasi, aliyekunyonyesha pamoja na mtoto wake. Ulikulia juu ya maganda ya mbao katika kiwanja chake, huku akichonga mitumbwi. Magogo yalikuwa yakishushwa kutoka milimani, na yeye kabla ya kutia shoka alikuwa anaweka sikio, anagonga kwa kifundo cha kidole: ko, ko, ko. Mara tatu. Gogo zima linajibu hivi, gogo lililooza ndani linajibu vile. Masikio ya wengine hayasikii tofauti, yake yalisikia. Na mkono ukizoea kazi haupumziki. Alimasi alikuwa anagonga kila kitu. Kigoda kabla ya kukaa, meza kabla ya kula, mlango wa nyumba yake mwenyewe kabla ya kuingia kwa mke wake mwenyewe. Kanisani aligonga benchi, na mupe, padri wetu, akageuka kuangalia nani anabisha hodi kwa Mungu.

Alikuwa rafiki yangu wa kisolo. Ubao tunaouchezea ni yeye aliyeuchonga. Alikuwa ananishinda, nami nalalamika kwamba mashimo ya upande wake ameyachimba kwa ujanja.

Basi ule mwaka nilikuwa natafuta mwizi. Sajini Kobe alikuwa amekaa sura tatu bila mtu wa kumkamata, gazeti linadai, bamama wanapiga miayo. Asubuhi moja ndoo ikiwa kichwani, mwizi akaja: mtu wa usiku anayeiba nyavu, ambaye hakuna anayeuona uso wake, lakini kabla ya kuingia kwenye kibanda chochote anagonga mlango polepole. Ko, ko, ko. Mwanangu, nilikimbia na maji. Yalinimwagikia yote. Sijawahi kufurahi vile.

Nikasoma ufukweni. Nilipofika kwenye ko, ko, ko, kuku wenyewe walinyamaza. Halafu mama Sifa akapiga makofi: "Eeh! Huyu si Alimasi huyu!" Wote wakaanguka kwa kicheko. Nami nikacheka. Hiyo ndiyo dhambi yangu, wala si kuandika. Ningeweza kusema, "Hapana, bamama, huyu ni mtu wa kaye tu." Nilicheka, na nikasoma tena kile kipande, kwa sauti ya chini zaidi, kwa sababu walikiomba.

Alimasi mwenyewe aliposikia alicheka pia, siku ya kwanza. Ya pili akatabasamu. Ya tatu watoto walimfuata njiani wakigonga makopo, ko, ko, ko, naye akaingia ndani. Na mwezi ule ule, kweli kabisa, nyavu za mzee mmoja zikapotea. Watu wazima, watu waliokula ugali kwake, walikwenda mlangoni pa Alimasi "kuuliza tu." Nyavu zikaja kuonekana baada ya wiki mbili. Mwenyewe alikuwa amezisahau kwa mke wake mdogo, na aliona haya kusema alilala wapi. Lakini waliokwenda kuuliza hawakurudi kusema tumekosa. Njia ya kwenda kuuliza ina miguu mingi, ya kurudi haina hata mmoja.

Lakini kuna jambo ambalo hukuambiwa, kwa sababu nilimwomba mama yako akae kimya. Ulifikiri Alimasi na Mwasiti walihama Baraka kwa sababu ya nyavu. Walihama kwa sababu Alimasi aliacha kugonga.

Aliona haya. Gogo lilishushwa kutoka mlimani, watu wamesimama wanaangalia kama kawaida, na mkono wake ulipokwenda, mtu mmoja nyuma akacheka. Akaurudisha mkono. Akachukua shoka, akachonga bila kusikiliza. Mtumbwi ule ulipasuka ukiwa majini, mbele ya kijiji kizima, watu watano ndani. Waliogelea wote, Mungu asifiwe, lakini ndani ya mbao kulikuwa na uozo mweusi kama kahawa, na hakuna aliyemwagiza mtumbwi tena hapa Baraka. Mkono ule ulikuwa umelisha nyumba miaka ishirini. Mimi niliukata bila panga, kwa kalamu ya wino ya kuazima.

Unataka kujua nilifanya nini? Nilifanya kile anachofanya mwandishi mjinga. Niliandika hadithi nyingine. Ndani yake Sajini Kobe anagundua kwamba mgongaji hana kosa, anamwomba radhi, analia hata machozi, mimi mwenyewe nililia nikiandika. Nikaenda ufukweni kuisoma. Nilipofika pale Kobe anapiga magoti, mama Sifa akasema, "Hiyo hatutaki, inachosha. Rudilia ile ya ko, ko, ko!" Na wote wakagonga pamoja juu ya vikapu vya ndagala. Ni hapo ndipo nilipojua kwamba hadithi ni kama mbuzi. Kumfungulia ni rahisi, lakini ukimwita arudi, anakuangalia tu huku anatafuna.

Siku walipopakia vitu kwenye boti ya Kazimia, nilikwenda ufukweni na ile kaye ya kuomba radhi mkononi. Nilitaka kumpa. Alimasi aliiangalia, hakuipokea. Akaniambia maneno haya, sijayabadilisha hata moja, nami ni mtu wa kubadilisha:

"Ndugu yangu, we ulinisema mbele ya bantu bote. Hiyo imepita. Lakini radhi yako mi sitaki kuisomewa. Siku unaiona ndani ya roho, ukuje ku mulango yangu, uniambie mi peke, na mudomo."

Nikasema nitakuja. Miaka sita, Apendeki. Kazimia si mbinguni, boti zinakwenda kila wiki. Kwanza nilisema ningoje hadithi hii iishe. Kisha mvua. Kisha mguu. Sasa unajua kwa nini nakwambia mguu huu unanisaidia sana. Jioni natoa ule ubao wa kisolo, nacheza pande zote mbili peke yangu, na mkono wa kulia unamwibia wa kushoto. Mama yako anapita, haniambii kitu. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa mama yako si mwanamke wa kupita kimya.

Kwa nini nakuandikia leo? Kwa ajili ya mambo mawili. La kwanza ni swali lako la wiki jana, ulipokuwa unakunja nguo: "Baba, Kazimia nilale kwa katekista, ao naweza kupita kwa mama Mwasiti?" Nami nikajibu upuuzi, kwamba kwa katekista kunguni wamebatizwa. Ulicheka kidogo, ukaendelea kukunja. Niliona mikono yako. Mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kumsalimu mama aliyemnyonyesha, na baba anamjibu kunguni.

La pili ni juzi sokoni. Fundi mmoja alikuwekea masanduku matatu ya mbao uchague. Hukuyaangalia rangi. Uliinama, ukaweka sikio, ukagonga. Ko, ko, ko. La kwanza ukaliacha. La pili ukaliacha. La tatu ukalichukua. Hukujua kwamba nakuangalia, na nafikiri hukujua hata kwamba unafanya hivyo. Kwa hiyo tabia ya Alimasi haikupotea majini. Ilikuwa imejificha nyumbani kwangu, inakula ugali wangu, inakua. Nilijifanya natazama vitunguu vya watu mpaka macho yangu yakakauka.

Sasa wewe unakwenda kuwa na kaye kubwa kuliko yangu. Wanawake watalia mbele yako, watataja majina ambayo si ya waume zao, watatukana mama wakwe zao, watakuomba usiseme walivyoogopa. Utaona vituko, mwanangu, na kwa kuwa u damu yangu, utatamani kuvisimulia, na utavisimulia vizuri. Sikukatazi kucheka. Mimi nitakukatazaje? Cheka nao kitandani mpaka mtoto atoke kuangalia kuna nini. Lakini kile utakachokichukua kwa mtu, kiombe, kama nilivyomwomba yule wa Bibokoboko. Na ukikosa, utakosa tu, maana u mtu, basi nenda mlangoni siku hiyo hiyo, ukiwa bado unatetemeka. Kosa changa lina miguu myepesi. Mimi langu limezeeka, lina kitambi, sasa nalibeba mgongoni.

Juma hili mchuuzi wa samaki kutoka Kazimia alikaa kwenye kigoda changu. Nilimwuliza kwa mzunguko, kama Sajini Kobe, bei ya mikeke, upepo, halafu mafundi. Akasema, "Kuko muzee mumoja kule anatengeneza mitumbwi midogo ya batoto ya kuvulia. Mutu wa pole. Kabla ya kuchonga anapigapiga muti, sijui anausalimia?" Nilimpa tumbaku yangu yote. Mpaka leo anafikiri mimi ni tajiri.

Anagonga tena, Apendeki. Huko hakuna aliyesoma hadithi yangu. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu nimemshukuru Mungu kwamba sijulikani.

Basi tufike kwenye sanduku. Kile kitu chenye kiraka gotini ni suruali yangu nzuri. Chini yake kuna shati la misa, lile ambalo mama yako alikuwa analitafuta. Nataka kwenda nawe mpaka Kazimia. Sikukwambia kwa mdomo kwa sababu ukiniangalia machoni nitaanza mzaha, na tutafika tena kwa kunguni. Lakini safari ni yako, wala si ya Sajini Kobe. Kama hutaki kuanza maisha yako mapya ukiwa na mzee wa uongo nyuma yako, itoe suruali, iweke kitandani kwangu, usiseme neno. Nitaelewa, na kesho nitakupungia mkono ufukweni nikichechemea kwa mguu huu mwongo. Nitakwenda boti ya wiki ijayo peke yangu. Neno hili nimeliandika kwa wino, na wewe ni shahidi.

Nikiikuta bado ndani, tutaondoka pamoja. Nimefikiri sana juu ya ule mlango. Mtu ataugongaje mlango wa Alimasi? Ukigonga mara tatu, umemtukana. Ukigonga mara mbili, atajua umeiogopa ile ya tatu. Nimelizungusha jambo hili kama mwandishi, nikatafuta sura nzuri ya kuingilia, sikuipata, na nashukuru.

Nasikia sauti zenu zinashuka njiani. Mama yako anacheka, bila shaka bibi yako amenisema vibaya. Naifunga kabla hamjafika, sijasoma tena, makosa yaache yalivyo.

Kesho mkono mmoja utabeba sanduku lako, mkono mwingine ubao wa kisolo. Yote miwili itakuwa imejaa. Nitasimama pale mlangoni, na itanibidi niite kwa mdomo.

Baba yako